Tak! Viungio vya chuma vinavyoiweza Kigoma

Nimevishika, nimevichomeka, nimevichomoa, nimevifungulia maji kwa presha yote ya mashine, na mikono bado inataka kurudia! Ni viungio vya kuchomeka vya mpira wa presha, saizi ya inchi 3/8: dume la stenlesi, jike la shaba ya manjano. Mzigo umepanda treni Dar es Salaam, umekata nchi nzima, zaidi ya kilomita 1,200, ukashuka Kigoma mwisho wa reli. Unavuta kola ya jike nyuma kwa vidole viwili, unasukuma dume ndani, unaiachia kola. Tak! Imeshika. Hakuna spana, hakuna tepu nyeupe, hakuna kijana aliyelowa mpaka kifuani akipapasa matope kutafuta washa iliyoruka.

Kipande cha chuma kinachoenea kiganjani, na mimi nakipigia kelele zote hizi? Ndiyo, na nitaendelea. Waosha magari wa Mwanga na Gungu, hapa Kigoma, wanauziwa mashine kwa sifa za mashine: nguvu ya mota, rangi ya bodi, urefu wa mpira, idadi ya ncha za kunyunyizia. Kiungio hakitajwi hata kidogo. Yaani sehemu inayofunguliwa na kufungwa kila siku, inayoburutwa kwenye kokoto, inayokanyagwa na bajaji, ndiyo iliyotengenezwa kwa plastiki! Mashine ya bar 150 yenye kiungio kinachovuja inalipiwa umeme wa bar 150, halafu inaosha kwa presha pungufu. Tangu Alfred Kärcher alipotoa DS 350 mwaka 1950, mashine ya kwanza Ulaya ya kuosha kwa maji moto yenye presha, pampu zimekuwa ndogo, nyepesi na kali kuliko zamani. Maji bado yanapita palepale, kwenye kiungio.

Hebu tulifungue jike tulitazame kwa karibu, maana hapa ndipo nilipopagawa. Ndani ya kola kuna gololi ndogo za chuma zilizopangwa duara. Kola ikiwa nyuma, gololi zina nafasi ya kutanuka na dume linapita. Kola ikirudi mbele, inazisukuma ndani, zinakaa kwenye mfereji uliochongwa kuzunguka shingo ya dume, na hapo hata uvute kwa mikono miwili halitoki. Nyuma ya gololi kuna oringi inayobana maji. Kwa hiyo kazi zimegawanywa: gololi zinashika, oringi inaziba. Kwenye kiungio cha kukazwa kwa thredi pekee, mtu akiona maji yanatoka huongeza nguvu ya spana, na thredi ndizo zinazoumia. Hapa huna cha kukaza! Zungusha dume likiwa ndani, linazunguka laini, halivuji. Nimelizungusha mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwa raha tu.

Na kwa nini dume liwe stenlesi na jike liwe shaba? Dume ndilo linalobaki wazi kwenye ncha ya mpira, linaloanguka sakafuni, linalogongwa na kokoto. Mkwaruzo mmoja kwenye shingo yake unatosha kuichana oringi kila linapoingia. Stenlesi ni ngumu kuliko shaba, inakataa mikwaruzo hiyo. Jike lina kola, springi na gololi zinazosuguana, na shaba ya manjano huteleza vizuri na haigandamani na stenlesi kama stenlesi inavyogandamana na stenlesi nyingine. Metali hizi mbili hukaa pamoja bila ugomvi mkubwa. Mchanganyiko wa kuogopa ni alumini na shaba! Zikutanishe ndani ya maji yanayopitisha umeme vizuri, na alumini ndiyo itakayoliwa, polepole, mpaka unga mweupe utoke kwenye thredi.

Na maji yetu yanapitisha umeme vizuri. Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, na maji yake yanang'aa mpaka mgeni anadhani ni maji ya mvua. Si ya mvua. Yana magnesiamu nyingi, yana bikaboneti nyingi, na pH yake inakaribia 9. Tazama mawe ya ufukweni pale maji yanapopanda na kushuka: yamevaa ukoko mweupe. Ukoko huohuo unakaa kwenye kola ya jike lililoachwa juani na maji ndani. Kwanza ni mstari mwembamba mweupe, kisha kola inaanza kuwa nzito, kisha gololi moja inakwama na kiungio kinafyatuka katikati ya kazi. Dawa yake ipo sokoni Mwanga, ndimu! Kamulia kwenye kikombe, loweka kola, asidi inayeyusha ukoko huku unatazama vipovu vikitoka, kisha suuza vizuri na ukaushe. Usiliache humo usiku kucha, maana asidi ikimaliza ukoko itaigeukia shaba.

Sasa twende Kibirizi, na hapa naomba msomaji asikilize kwa makini, kwa sababu hapa shaba naishusha jukwaani pamoja na mapenzi yangu yote kwake.

Kibirizi na Katonga, mialo ya samaki ya Kigoma, ni dagaa na migebuka. Kuna kreti za kuosha, sakafu za kuosha, mitumbwi ya kuosha, mizani, meza. Mabaki ya samaki yakioza hutoa amonia, na amonia ni adui wa shaba ya manjano kwa namna ya ajabu kabisa. Haiiozeshi taratibu ukaona. Inaipasua! Waingereza walilijua hili kwa gharama wakati wa utawala wao India: risasi zilizohifadhiwa kwenye mabanda ya farasi msimu wa mvua zilikutwa maganda yake ya shaba yamepasuka yenyewe, bila kupigwa. Mwaka 1921 watafiti walieleza sababu. Mambo matatu lazima yakutane: shaba yenye mkazo ndani yake, unyevu, na amonia, ambayo pale ilitoka kwenye mkojo wa farasi. Hebu yahesabu hayo matatu kwenye sakafu ya kupokelea samaki. Unyevu upo saa zote. Amonia ipo, pua inakwambia. Na mkazo upo kwenye kila nati ya shaba ambayo kijana mwenye nguvu ameikaza kwa spana malaya mpaka ikalia. Unakuja asubuhi unakuta nati ina ufa mwembamba kama unywele, na unamlaumu aliyeitengeneza.

Kwa hiyo Kibirizi ni stenlesi kote, dume na jike, na sitaki mjadala! Ile ya daraja la 304, yenye kromi karibu asilimia 18 na nikeli karibu 8, inatosha kabisa kwa maji ya ziwa na sabuni. Ukiwa unasafisha kwa dawa ya klorini kila siku, panda daraja la 316, ambalo limeongezwa molibdeni asilimia 2 hadi 3. Klorini hutoboa 304 vishimo vidogo vidogo, na 316 huvumilia zaidi. Zote mbili zinataka kusuuzwa kwa maji safi baada ya dawa. Bei ya stenlesi ni kubwa, hilo halifichiki. Lakini sehemu ya kupokelea samaki ikisimama kwa kukosa kiungio, hasara haihesabiwi kwa bei ya kiungio, inahesabiwa kwa samaki waliolala.

Halafu kuna suala la umbali, ambalo kwa Kigoma ndilo linalofanya viungio kuwa hoja kubwa kuliko miji mingine. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inazuia shughuli za kibinadamu za kudumu, au zinazoweza kuathiri mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Mimi naiunga mkono kwa moyo wote. Ziwa hili lina mamia ya aina za samaki wasiopatikana kwingine popote duniani, na povu la sabuni lenye grisi ya Fuso halina kazi humo. Sasa piga hesabu ya mpira. Mita 60 kwa vipande vya mita 20 ni mipira mitatu, na hiyo ni sehemu nne za kuunganisha, kuanzia pampu ya kuvutia hadi tangi. Hapo hujafika kwenye mashine yenyewe. Kila sehemu ikitoa tone, umechoma petroli ya pampu kumwagilia mchanga.

Kwenye njia hii ndefu presha ni ndogo, na viungio vya gololi havina kazi hapa. Hapa nimekutana na mapenzi ya pili: viungio vya makucha vya mtindo wa Geka! Vya shaba, vya Kijerumani kwa asili, na havina dume wala jike. Vyote vinafanana. Unaviweka uso kwa uso, unasukuma, unazungusha robo mzunguko, makucha yanashikana. Na uzuri wake ni huu: umbali kati ya makucha ni milimita 40 kwenye kiungio cha nusu inchi, cha robo tatu na cha inchi moja vilevile. Mpira mwembamba wa jirani unaingia kwenye mpira wako mnene bila kutafuta kipande cha kupunguzia. Fikiria foleni ya waosha magari wanaoazimana mipira siku pampu ya mmoja imekufa! Ni kifaa cha ujirani. Kwa pampu ya petroli yenye mdomo wa inchi mbili, chukua viungio vya masikio mawili, vile unavyofunga kwa kubana mikono yake ya pembeni. Vipo vya alumini, vya shaba na vya stenlesi. Vya alumini ni vyepesi na rahisi, na vinafaa mradi mdomo wa pampu nao uwe wa alumini, kwa sababu ile niliyokwishaisema.

Upande wa kuvuta una siri yake. Mpira unaopeleka maji ukivuja, unaona maji. Mpira unaovuta ukivuja, huoni kitu, kwa sababu maji hayatoki, bali hewa inaingia. Vipovu vinafika kwenye pampu, na pampu inabana hewa badala ya maji. Pampu inaanza kukwaruza, bunduki ya kunyunyizia inatema maji kwa kudunda, na fundi anaitwa kufungua pampu nzima wakati ugonjwa uko kwenye klipu ya shilingi chache. Jaribu hivi: mashine ikiwa inafanya kazi, paka povu zito la sabuni kuzunguka kila kiungio cha upande wa kuvuta. Povu likimezwa, au mlio wa pampu ukibadilika, umempata mwizi. Kwa upande huu nimefunga kiungio cha shaba chenye mkia mrefu wa mikato, klipu mbili za stenlesi zilizogeuziana vichwa, na pampu imetulia kimya mpaka nikadhani imezimika!

Tuje kwenye thredi, mahali ambapo pesa nyingi hupotea dukani. Kigoma, kama Tanzania nzima, mabomba yetu yanafuata kipimo cha Kiingereza, BSP. Mashine na vifaa vya soko la Marekani huja na NPT. Kwa nusu inchi zote mbili zina thredi 14 kwa kila inchi, kwa hiyo zinaingiana mizunguko miwili mitatu na kukudanganya. Lakini moja imechongwa kwa pembe ya digrii 55 na nyingine 60. Hazilali pamoja. Fundi anaongeza tepu, anaongeza nguvu, na kiungio cha shaba kinapasuka shingoni. Kwa inchi 1/4 na 3/8 tofauti inaonekana mapema, maana ni thredi 19 kwa 18. Mtego mwingine ni zile nati kubwa za mashine za presha, M22. Thredi ni moja, lakini ndani kuna sindano ya milimita 14 au ya milimita 15. Ya 14 inaingia kwenye nyumba ya 15 kwa raha zote, unakaza, unawasha, maji yanakurukia usoni. Beba kiungio chako cha zamani mfukoni uende nacho dukani! Usiende na maelezo ya mdomo.

Na ukiwa dukani, fanya majaribio mbele ya muuzaji. Sumaku kwanza: ikinata kwa nguvu, hicho ni chuma cha kawaida kilichopakwa rangi ya dhahabu. Isiponata bado hujashinda, kwa sababu zinki ya kuyeyusha nayo hainati. Kwa hiyo pima mkononi. Shaba ya manjano ina takribani gramu 8.5 kwa kila sentimita ya ujazo, zinki ya kuyeyusha karibu 6.6, alumini 2.7. Viungio viwili vya saizi moja, kimoja kila mkono, na kiganja kitakwambia. Mwisho ni kukwaruza.

"Kaka, hii ni shaba tupu au imepakwa?"

"Hiyo orijino, mzee wangu."

"Niruhusu nikwaruze hapa ndani, pasipoonekana."

Muuzaji wangu aliruhusu bila kusita, akaleta msumari mwenyewe. Chini ya mkwaruzo palikuwa na manjano ileile, ndani hadi ndani. Nilifurahi kama mtoto! Ingetokea kijivu, ningerudisha. Stenlesi haipimwi hivyo. Yenyewe huvuta sumaku kidogo pale ilipokunjwa au kuchongwa kwa nguvu, na hilo lisikutishe.

Oringi nayo ina hadithi ya hapa kwetu. Kigoma ni mji wa mawese, na mkono wa kwanza wa fundi ukitafuta kitu cha kulainishia hukimbilia kopo la mawese. Usifanye hivyo, nakuomba! Mawese huganda asubuhi ya baridi, hukusanya vumbi jekundu, na vumbi hilo linakuwa msasa ndani ya kola. Tena kuna oringi za mpira wa aina ya EPDM, nzuri sana kwa maji moto, ambazo huvimba zikikutana na mafuta. Zile nyeusi za kawaida za NBR huvumilia mafuta, na kwa kuosha malori yanayobeba mawese ndizo ninazozichagua. Paka grisi ya silikoni, kidogo tu, iache filamu. Kwenye ziwa hili grisi ina heshima yake. Mwezi Julai 1916, Wajerumani walipoizamisha meli Graf von Götzen wasiiache kwa adui, mafundi waliokuja nayo kutoka kiwanda cha Meyer, Papenburg, walizipaka injini zake grisi nene kwanza. Iliopolewa mwaka 1924, miaka minane baadaye, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Anayesema hana muda wa kupaka oringi grisi ajue kwenye ziwa hili hili kulikuwa na watu waliopaka injini nzima.

Neno la usalama, na hili sipambi. Usifunge klipu ya kukaza kwa bisibisi kwenye mpira wa upande wa presha, hata kwa dharura. Ncha za mpira huo hubanwa kwa mashine maalumu, na kiungio kiwe kimeandikwa presha inayozidi ya mashine yako. Kwa mashine ya bar 200, sawa na karibu PSI 2,900, sinunui kiungio kisicho na namba iliyogongwa kwenye chuma. Zima mashine, bonyeza bunduki mpaka presha iishe, ndipo uguse kola. Maji ya presha hiyo hupenya ngozi. Jeraha litaonekana dogo, lakini ndani limeingiza uchafu, na mahali pake ni hospitali siku hiyohiyo.

Kilichobaki ni kiungio kinachozunguka, kile kinachokaa kati ya mpira na bunduki. Nilikiacha mwisho kwa sababu kinaleta raha kwa mkono moja kwa moja. Bila hicho, kila unapozunguka gari mpira unajipinda, unakuwa mgumu, unavuta kifundo cha mkono wako upande. Ukikifunga, mpira unalala ulivyo na bunduki inageuka peke yake, nyepesi mno! Chagua cha stenlesi chenye beringi ndani, kizungushe ukiwa dukani huku umekibana kwa vidole kutoka ncha zote mbili. Kizunguke bila kukwama na bila kuchezacheza pembeni. Kwa mwenye mashine moja na mpira mmoja, ningeanza na hicho pamoja na jozi moja ya 3/8, kisha njia ya kuvuta, na makucha ya Geka yafuate fedha itakaporuhusu. Wa Kibirizi aruke shaba yote, aagize stenlesi tangu siku ya kwanza.